Mkataba wa mbolea ya deni: si kila neno linakufunga

Mwezi wa kumi na moja mvua inaanza, na mbolea ya deni inaanza kutembea. Mwenye duka anatoa mifuko ya NPK na urea, mulimaji anatia kidole, basi. Katika karatasi tunazoonyeshwa huku Karavia, kuna maneno mawili yanayorudia.

La kwanza: «Nisipolipa kisha mavuno, shamba ni lako.» Ndugu walimaji, sheria ya bulongo ya 1973, kifungu cha 53, inasema bulongo ni mali ya Serikali peke yake, na haiuzwi. Wewe una haki ya kuitumia tu. Haki ile haiwezi kuhamia kwa mwenye duka kwa karatasi iliyoandikwa juu ya meza yake. Na Kode Sivile, kitabu cha tatu, kifungu cha 30, inasema ahadi yenye sababu iliyokatazwa na sheria haina nguvu.

La pili: «Bei ya mahindi nitaweka mimi siku ya mavuno.» Mauzo yanataka bei ambayo wote wawili wamekubali. Kama hamuijui bado, andikeni namna itakavyopatikana, ama mtaje mtu wa tatu atakayeipanga. Andikeni pia kipimo: kilo ku mizani, sio meka ya mnunuzi. (Meka zingine zimegongwa chini mpaka zinameza zaidi!)

Sasa, hapa wengi wanakosea. Wanasikia neno halina nguvu, wanafurahi, wanaacha kulipa. Hapana! Mbolea ulipokea, deni lako linabaki. Hata tribinali ikivunja mkataba wote, ulichopokea kinarudishwa ama thamani yake.

Kwa hiyo, mbele ya kusaini, omba sekretere wa koperative akusomee kwa sauti. Neno baya mulifute, wote wawili mutie saini pembeni, ku kopi zote mbili. Akikataa kufuta, tafuteni mbolea pamoja kama koperative. Kundi linasikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja mwenye haraka ya kupanda.

Na kama umekwisha kusaini? Lipa deni mbele ya washahidi, chukua resi. Mtu akija shambani na karatasi ile peke yake, usitoke, na usipigane. Mwambie aende tribinali, kisha leta kopi yako ku komite siku ileile.