Manowari Iliyopeperusha Bendera Mbili

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo tunakwenda Ufaransa, bandari ya Rochefort, mwaka 1800. Hapo iliteremshwa majini manowari ya matanga yenye mizinga 74, ikaitwa Duguay-Trouin.

Oktoba 21, 1805, ilikuwa vitani Trafalgar, siku Waingereza walipowapiga vibaya Wafaransa na Wahispania. Yenyewe na nyingine tatu za Kifaransa zikaponyoka. Nadhani mabaharia wake walishangilia mapema mno, maana Novemba 4, karibu na rasi ya Ortegal huko Hispania, Waingereza wengine chini ya Richard Strachan walizifumania. Nahodha Touffet akauawa, na zote nne zikashusha bendera.

Mtaniuliza, mbona hawakuzizamisha? Azamishe mali nani! Manowari kama ile ilimeza maelfu ya miti ya mwaloni. Tena Waingereza walioteka meli waligawiwa fedha za thamani yake, tangu nahodha hadi mvulana wa kubeba baruti. Nahodha alipata fungu nono, mvulana, makombo.

Basi ikapelekwa Uingereza, ikakarabatiwa, ikapewa jina jipya: Implacable. Mwaka 1808, katika Bahari ya Baltiki, ikaishambulia Vsevolod, manowari ya Urusi. Na wakati ule Urusi ilikuwa rafiki wa Ufaransa! Meli iliyoundwa na Wafaransa ikawa inawatandika marafiki zao. Meli haiulizwi inampenda nani.

Ilipozeeka, kuanzia mwaka 1855 ikawa chuo kinachoelea huko Devonport, vijana wadogo wakijifunza ubaharia humo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mbao zilikuwa zimeoza na Uingereza haikuwa na fedha za kuitengeneza. Ikaitoa kwa Wafaransa, nao wakakataa. Desemba 2, 1949, ikavutwa kutoka Portsmouth hadi bahari kuu, bendera za nchi zote mbili zikipepea juu yake, ikalipuliwa. Lakini kikongwe huyo wa miaka 149 aligoma. Ilichukua kama saa tatu kuzama. Walioiteka ndio walioizamisha.

Watu walikasirika sana, na hasira hiyo ilisaidia kuiokoa meli nyingine ya matanga, Cutty Sark, iliyokuwa ya biashara. Hiyo ipo Greenwich, London, mwendo mfupi tu kutoka jumba la makumbusho linalohifadhi tezi ya Implacable pamoja na sanamu ya omo yake.