Vifaa vya Besiboli na Usalama wa Mkono wa Mtoto

Mzazi anayemnunulia mtoto vifaa vya besiboli hukutana na bidhaa nyingi zinazodaiwa kulinda mkono. Kabla ya kulipa, ni vyema kufahamu chanzo cha madhara. Mifupa ya mtoto huwa na sehemu laini za ukuaji karibu na maungio. Kurusha mpira kwa nguvu mara nyingi mno, bila mapumziko ya kutosha, huziumiza sehemu hizo begani na kiwikoni.

Chagua mpira wa kawaida, wenye uzito wa takriban gramu 142 hadi 149. Mipira mizito ya mazoezi huongeza mzigo kiwikoni. Mtoto asiitumie bila usimamizi wa mtaalamu. Bendeji ya kubana kiwiko huupa mkono joto, lakini haiondoi uchovu wala haimruhusu mtoto kuendelea kurusha akiwa na maumivu.

Kinga iliyo muhimu zaidi ni kuhesabu mitupo. Mwongozo wa Pitch Smart wa nchini Marekani unaweka ukomo wa mitupo 75 kwa siku kwa mrushaji mwenye umri wa miaka 9 hadi 10, na 85 kwa mwenye miaka 11 hadi 12. Akifikisha mitupo 66 au zaidi, apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena mchezoni.

Mtoto akilalamika maumivu, asimamishwe mara moja na apelekwe kwa daktari. Daftari na kalamu ya kuhesabia mitupo hugharimu kidogo kuliko bendeji yoyote.