Chilinde: Mwenye kura naye ana njaa

Kutoka Dzaleka, wilaya ya Dowa, hadi Lilongwe ni kama kilomita 45. Kwa mkimbizi mwenye duka mjini, umbali huo haupimwi kwa nauli. Machi 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wa mijini warudi kambini. Mei 17 msako ukaanza. Maduka yalifungwa, mamia wakakamatwa, watoto wakiwemo. Kambi yenyewe, iliyofunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000, ilikuwa tayari na zaidi ya 50,000.

Watetezi wa haki walipiga kelele, na walikuwa sahihi. Ila mwanasiasa husikiliza kura, na kura ziko mitaa kama Chilinde, kwa mbeba mizigo, fundi na mama muuza nyanya. Nao hali zao ni ngumu: Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Mtu wa namna hiyo akiambiwa Mrundi mwenye duka ndiye anayekula riziki yake, ataamini. Ukimjia na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, atakuuliza kama unapikwa. Isitoshe, Malawi iliuridhia ikiweka kando vipengele vya kazi na vya kutembea kwa uhuru.

Afadhali kuanza na ngongole, yaani deni la dukani. Nani hukukopesha unga mwezi ukiwa katikati? Fremu ya duka ni ya nani? Mara nyingi ni ya Mmalawi. Duka likifungwa, kodi inakatika, mbeba mizigo anakosa gunia, na jirani ananunua kwa bei ya yule aliyebaki.

Lakini usimwone mjinga. Akilalamika kwamba wageni huchanga mitaji na kununua kwa jumla, wakati yeye hana wa kuchanga naye, ana hoja. Ukiikana hoja hiyo umempoteza. Wachewa wana msemo kwamba mgeni ndiye huja na wembe mkali, ndugu kabisa wa ule wetu wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji ana haki ya kuuliza: wembe uko wapi?

Anayeshusha mzigo wa Dar es Salaam uliopita Songwe anaweza kumjibu. Amuuzie mama wa Chilinde kwa bei ileile ya jumla anayompa Mrundi, na amwonyeshe risiti zote mbili.