DOSIE YAKO INAFAA KUKUFUATA, LAKINI KWA SHERIA



Siku moja baba mumoja aliingia ku dispansere. Alikuwa mupya katika kompani yetu, lakini hakuwa mupya katika kazi ya chini ya udongo. Miaka mingi alitoboa mawe katika muji mwingine, kwa kompani ingine. Alikuwa anakohoa tangu majuma mengi, amekonda, na usiku jasho lilimutoka.

Nilimuuliza: « Baba, ulikwisha kutunzwa kifua kikuu? »

Akajibu: « Walinipa vidonge. Mukojo ukawa mwekundu. Kisha nikaacha. »

« Ulikunywa miezi mingapi? Walikupiga radio ya kifua? »

« Radio ndiyo, walinipiga mara nyingi. Lakini yote iko kule, katika dosie yangu. »

Kule ni mbali. Tuliandika barua, tukapiga telefone. Dosie haikuja.

Tulipima makohozi yake. Mashini ilionyesha mikrobe ya kifua kikuu, na kwa bahati njema dawa ya rifampisini ilikuwa ingali na nguvu juu ya mikrobe ile. Ninasema bahati njema, kwa sababu mutu mwenye kuacha dawa mbele ya kumaliza miezi yake anaweza kuifundisha mikrobe kuzizoea. Alikunywa dawa miezi sita, akapona kifua kikuu. Lakini pumzi yake ilibaki fupi. Radio ilionyesha makovu mengi katika mapafu, yale ya vumbi la mawe, ugonjwa tunaouita silikozi.

Makovu yale yalianza mwaka gani? Mashini haiwezi kusema. Radio za zamani peke yake, zikiwekwa kando ya radio mupya, ndizo zenye kusema. Na yule mwenye kuomba malipo ya ugonjwa wa kazi ku CNSS anahitaji kuonyesha kazi aliyofanya na namna ugonjwa ulivyoendelea. Baba yule alikuwa na mapafu yenye makovu, lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

Ndugu, wewe unapohama, unabeba kitanda, sufuria na watoto. Dosie yako ya afya unaiacha nyuma.

NAMNA WALIVYOFANYA MAREKANI

Shida hii si ya watu wa Katanga peke yao. Nataka kukueleza mambo ya Marekani, kwa sababu kule walikuwa na kompyuta na franga nyingi, na hata hivyo mugonjwa alifika kwa munganga mupya sawasawa na baba yule.

Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kusaidia hospitali na waganga kwa franga ili waache dosie za karatasi na kuandika katika kompyuta. Kazi ilifanyika, leo hospitali karibu zote kule zinaandika hivyo. Lakini kompyuta ya hospitali hii haikusikilizana na ya hospitali ile. Mitandao ya kubadilishana dosie ilizaliwa, lakini kila mutandao ulikuwa na kanuni zake. Mugonjwa akitoka katika mutandao mumoja na kuingia mwingine, mara nyingi dosie ilibaki mulangoni.

Basi, mwezi wa 12 mwaka 2016, sheria ingine iliagiza kutafuta mapatano ya inchi nzima. Mapatano yale yanaitwa TEFCA. Yalitangazwa mwezi wa kwanza mwaka 2022, na mitandao mitano ya kwanza ilikubaliwa mwezi wa 12 mwaka 2023. Hesabu mwenyewe: tangu sheria mpaka mitandao ya kwanza, miaka saba. Kununua mashini kulikuwa kwepesi kuliko kupatana.

Mapatano hayo yanasema nini? Nitayaeleza kwa kifupi.

Kwanza, dosie zote haziwekwi katika nyumba moja kubwa. Kila hospitali inalinda zake. Mutandao unapeleka swali na kurudisha jibu.

Pili, hakuna mwenye kulazimishwa kuingia. Lakini akiisha kutia saini, kanuni zinamufunga.

Tatu, yule mwenye kuomba dosie anapaswa kusema sababu. Sababu zenye kukubaliwa ni sita: kumutibu mugonjwa, kulipa matunzo, kuendesha kazi za afya, kulinda afya ya watu wote, serikali kuamua kama mutu anastahili musaada, na mugonjwa mwenyewe kutaka kuona dosie yake. Kwa kutibu, na kwa mugonjwa mwenyewe, yule mwenye kuulizwa anapaswa kujibu, isipokuwa sheria imukataze.

Nne, mugonjwa mwenye kuomba dosie yake anapaswa kwanza kuonyesha kwamba yeye ni yeye kweli.

SABABU NDIYO MULANGO

Tazama vizuri ile kanuni ya tatu. Mwaka 2024, katika mutandao mwingine wa Marekani, kulitokea mashitaki kwamba watu fulani waliomba dosie wakisema ni kwa kutibu, kumbe walikuwa na sababu ingine. Wenye kushitakiwa walikana. Lakini neno hilo linatufundisha: dosie yenye kutembea bila kuulizwa sababu inaweza kufika mikononi mwa mutu asiyefaa.

Najua mawazo yenu, kwa sababu munaniambia. Mufanyakazi anaficha kikohozi chake, anasema: « Nikiandikwa, kapita atajua, nitafukuzwa kazi. » Ndugu, munganga anafungwa na siri ya kazi yake. Mukubwa wa kazi anastahili jibu moja: unafaa kwa kazi hii ao haufai. Jina la ugonjwa wako si lake. Inchi yetu pia, tangu mwezi wa tatu mwaka 2023, ina sheria ya mambo ya kompyuta na mitandao, nayo inalinda habari za mutu binafsi.

Basi, mambo mawili yanakwenda pamoja. Dosie yenye kufungwa sana haimusaidii mugonjwa. Dosie yenye kufunguliwa kwa kila mutu inamufanya mugonjwa aogope na kunyamaza. Na mugonjwa mwenye kunyamaza anakufa upesi kuliko yule asiye na dosie. Ndiyo sababu inafaa kanuni kwanza, mashini kisha.

WEWE UFANYE NINI LEO?

Usingojee mitandao. Kompyuta ya kwanza ni kaye yako.

1. Nunua kaye moja kwa kila mutu wa nyumba yako. Andika majina yote, mwaka wa kuzaliwa, na kundi la damu kama lilipimwa.

2. Andika dawa ambayo mwili wako unaikataa. Kama penisilini ilikuvimbisha uso ao kukufunga pumzi, andika kwa herufi kubwa ku ukurasa wa kwanza.

3. Ulitunzwa kifua kikuu? Andika dawa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kama uliacha katikati, sema kweli. Hatutakugombeza, tunataka kuchagua dawa yenye kukufaa.

4. Andika kila kazi ya vumbi uliyofanya: mahali gani, tangu mwaka gani mpaka mwaka gani.

5. Ukiacha kazi ao ukihama, omba munganga kifupi cha dosie yako chenye saini na muhuri, pamoja na radio ya kifua ao nakala yake. Omba mbele ya kupanda gari.

6. Weka karatasi hizo katika mufuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya watoto, mbali na mvua na panya. Mama wa nyumba ajue pale zilipo.

7. Usimupe kila mutu kaye yako. Mwenye kuiomba, umuulize: « Kwa sababu gani? » Munganga mwenye kukutibu atakuwa na jibu.

Baba yule sasa ana kaye. Tuliianza pamoja, ukurasa wa kwanza, kwa yale aliyoweza kukumbuka. Kuna miaka ambayo tuliiacha bila neno, na hakuna mutu atakayeijaza.

Wewe ungali na nafasi. Anza yako leo jioni.

Kofia inalinda kichwa chako ku kazi. Dosie yako inakulinda pale munganga asipokujua.