Diploma ya kompyuta iko mkononi, sasa wanakuuliza nini siku ya mahojiano ya kazi?

Kijana amemaliza masomo ya kompyuta, TFC ameitetea mbele ya waalimu, picha za kofia zimekwisha kupigwa. Siku moja kampuni inamwita kwa mahojiano ya kazi ya kuandika programu. Anavaa shati nzuri, anaweka diploma ndani ya bahasha. Kumbe diploma yenyewe wanaiangalia dakika mbili tu. Kisha wanamwambia: fungua mashine, andika.

Hapo ndipo wengi wanaanguka, na siyo kwa kukosa akili. Kwetu mwanafunzi anaweza kujifunza programu miaka mitatu kwenye ubao na daftari, mashine moja kwa watu wengi, na umeme ukikatika somo limekwisha.

Zoezi moja linajulikana sana tangu 2007: FizzBuzz. Andika namba kutoka 1 mpaka 100. Kwa namba inayogawanyika kwa 3, andika Fizz. Kwa 5, andika Buzz. Kwa zote mbili, FizzBuzz. Linaonekana mchezo wa watoto, na kweli limetoka kwenye mchezo wa watoto. Lakini mtego uko ndani. Mwenye haraka anauliza 3 kwanza, anaandika Fizz na kupita. Akifika 15 mashine inaandika Fizz peke yake, Buzz imepotea. Anayeuliza kwanza kama namba inagawanyika kwa 15 anapona.

Tena hawaangalii jibu tu. Wanataka kusikia namna unavyofikiri, kwa sauti. Kwetu mtoto mwenye heshima ananyamaza mbele ya wakubwa. Kwa mahojiano haya, kimya kinakuharibia. Sema: "Naanza na 15 kwa sababu hii." Ukikwama, sema umekwama wapi na ungejaribu nini. Ni bora kuliko kudanganya, maana swali la pili linafuata, na la tatu. Hata TFC yako wataiuliza: sehemu gani uliandika wewe mwenyewe? Mwenye kunakili ya rafiki anaanza kutoka jasho.

Kampuni nyingine iko mbali na mahojiano yanapita kwa video. Angalia saa vizuri. 10h00 za Nairobi ni 9h00 za Goma, Bukavu na Bunia, na ni 8h00 za Kinshasa. Kuna kijana anaweza kuingia saa moja nzima baada ya wenyewe kufunga. Chaji mashine usiku, nunua mega mapema, na kama umeme wa mtaa hauaminiki, omba nafasi kwa mtu mwenye sola.

Na yule anayekuomba pesa "ya dosiye" kabla ya mahojiano? Huyo anatafuta pesa yako, mfanyakazi hamtafuti.

Wakikukubali, kuna jambo lingine. Vijana wengi wanaambiwa "tunakujaribu kwanza", majaribio yanaendelea bila mwisho. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inataka muda wa majaribio uandikwe kwenye karatasi, na kwa mfanyakazi mwenye ufundi hauwezi kupita miezi 6. Karatasi hiyo uiombe siku ya kwanza, kabla hujaandika mstari wowote wa programu yao.