Vitunguu vya juma zima kwa kazi ya mara moja



Ni sufuria gani hapa Bukavu inayopikwa bila kitunguu? Sombe, maharagi, lengalenga, sambaza za ziwa, hata mayai ya haraka ya asubuhi: vyote vinaanza na mafuta na kitunguu. Ndiyo maana mama akirudi jioni, kitu cha kwanza anachoshika ni kisu. Anamenya, machozi yanamtoka, anakata, anaosha ubao. Wakati huo makala yanawaka bure katika mbabula, na mtoto anangoja na daftari yake mkononi. Sisi walimu tunaziona daftari hizo kesho yake asubuhi: nyingi zinarudi shuleni bila mtu kuziangalia.

Tuhesabu pamoja. Kumenya na kukata kukichukua dakika 10 kila jioni, kwa siku 6 ni dakika 60. Hiyo ni saa nzima. Kama una konjelateri, au frigo yenye sehemu ya kugandisha, unaweza kukata vitunguu vya juma zima mara moja, na jioni ukapata nafasi ya kukaa na mtoto.

Vitunguu gani vya kugandisha?

Kitunguu kikavu, kizima, kisichoumia hakiombi frigo. Kiweke ndani ya kikapu mahali pakavu penye upepo, mbali na viazi, kwa sababu vikikaa pamoja vinaharibika upesi. Usikifunge ndani ya sasheti, unyevu unakiozesha.

Vya kugandisha ni vile utakavyopikia juma hili, na vile ambavyo havitakaa sana: vilivyoanza kuota au vyenye shingo laini. Tena siku bei inaposhuka sokoni Kadutu au Nyawera, unaweza kununua vingi bila kuogopa vioze. Lakini kitunguu kilichooza au chenye ukungu kitupe. Baridi haiponyeshi kitu kilichokwisha kuharibika.

Namna ya kufanya

1. Osha mikono, kisu na ubao kwa maji safi na sabuni. Ukiweza, weka vitunguu katika frigo nusu saa mbele ya kukata. Kitunguu kikikatwa kinatoa hewa inayochoma macho. Kikiwa baridi kinatoa kidogo.

2. Menya, kisha kata vipande vidogo kama unavyokata kwa mchuzi. Mboga nyingi zinapaswa kuchemshwa kidogo mbele ya kugandishwa. Kitunguu kilichokatwa hakiombi hilo.

3. Tandaza vipande juu ya sahani pana, visipandane, na uviache vigande saa moja au mbili. Ukiruka hatua hii, utapata jiwe moja kubwa ambalo hata kisu hakitaliweza.

4. Tia vipande ndani ya sasheti safi, kipimo cha sufuria moja kwa kila sasheti. Sukuma hewa itoke, funga vizuri, kisha weka zote ndani ya sasheti ya pili au kopo lenye kifuniko. Harufu ya kitunguu inapenya. Bila kifuniko kizuri, nyama na maji vitanuka kitunguu.

5. Andika tarehe. Katika baridi ya digri 18 chini ya sifuri, vinakaa miezi mingi, ila ladha inapungua polepole. Ni vizuri kuvimaliza ndani ya miezi 6.

Namna ya kupikia

Usingoje barafu iyeyuke. Toa kipimo chako na kukitia moja kwa moja katika sufuria. Mafuta yasiwe ya moto sana, maana barafu inakuwa maji na mafuta yatakurukia. Weka watoto mbali.

Usishangae kitunguu kikiwa laini. Sehemu kubwa ya kitunguu ni maji. Maji yakiganda yanapanuka na kupasua kuta ndogo za ndani. Kwa hiyo kinafaa kwa mchuzi, sombe na maharagi, lakini hakifai kwa saladi. Kwa saladi, kata kibichi siku ileile.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo hofu yetu kubwa. Konjelateri iliyojaa, ikiachwa imefungwa, inalinda baridi karibu saa 48. Yenye nusu, karibu saa 24. Basi usifungue kila mara kuangalia. Pahali patupu, jaza chupa za maji. Zikiganda zitasaidia kulinda baridi. Umeme ukirudi, vitunguu ambavyo bado vina barafu vinaweza kugandishwa tena. Vilivyoyeyuka lakini bado ni baridi kama ya frigo, vipike siku hiyo. Vilivyopata joto kwa saa nyingi, vitupe. Na kama kwenu umeme unapotea siku tatu kila mara, kata vya siku mbili tu.

Kuna wamama wanaokaanga kitunguu kingi katika mafuta na kukiacha juu ya meza hadi kesho. Tafadhali, tuache. Chini ya mafuta hewa haifiki, na kimelea cha botulisimu kinapenda mahali kama hapo. Sumu yake inaweza kuwa ndani ya chakula kisichonuka kabisa. Mwaka 1983 katika mji wa Peoria, Marekani, watu 28 waliugua baada ya kula vitunguu vya kukaanga vilivyoachwa katika uvuguvugu. Kitunguu kilichokaangwa kiliwe mara moja, au kiingie katika baridi mbele ya saa mbili kupita.

Asiye na frigo

Wengi wetu hatuna. Lakini katika kila likelemba mara nyingi kuna mama mmoja mwenye konjelateri isiyojaa. Wamama watano wanaweza kununua gunia moja kwa bei ya jumla na kugawana. Vizima vikavu kila mmoja anapeleka nyumbani kwake. Vile dhaifu vinakatwa pamoja siku moja na kuwekwa kwa yule mwenye baridi, kila sasheti na jina lake. Mapatano juu ya mchango wa umeme yafanywe mapema, mbele ya wote, ili kitunguu kisilete maneno kati ya majirani.

Anzeni na kilo moja tu. Jumamosi kateni, halafu jioni ya Jumatatu, wakati kitunguu kinaingia katika sufuria bila kisu, itaneni watoto na mfungue daftari.