Maziwa ya Jioni na Nyama ya Kusaga: Mkate wa Jibini kwa Chakula cha Usiku

 

Leo sitazungumzia mbolea wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nataka tuzungumze habari ya chakula cha usiku, tena cha siku ya kazi, siku ile mmerudi shambani jua linazama, ng'ombe hajakamuliwa, watoto wana njaa na kuni zenyewe ni chache. Nitaeleza namna ya kutengeneza mkate uliotiwa nyama ya kusaga na jibini, jibini ambayo utaitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya jioni. Mjini huuita sandwichi. Wenzetu wa pwani wamezoea kutia kima ndani ya mkate, kwa hiyo jambo lenyewe si geni sana kama unavyodhani.

Kwa nini maziwa ya jioni? Wafugaji wa ng'ombe chotara wa Rungwe, Njombe, Hai na kwingineko wanalijua tatizo hili. Vituo vingi vya kukusanyia maziwa vijijini hupokea maziwa asubuhi. Ya jioni hubaki nyumbani. Mengine hunywewa, mengine huuzwa kwa jirani, na mengine hulala ndani ya sufuria mpaka kunapokucha, yamekwisha kuchachuka. Ukithubutu kuyachanganya na ya asubuhi, kituo kinakukatalia yote. Lita 2 zikimwagwa kila jioni, kwa mwezi ni lita 60. Lita hizo yafaa zipate kazi.

Jibini ninayosema haihitaji kiwanda. Inahitaji maziwa mabichi lita 2, ndimu au limau za kutosha kukamua vijiko 4 vya chakula, chumvi kidogo, na kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kuchemshwa. Siki nayo yafaa badala ya ndimu. Mara tu baada ya kukamua, chuja maziwa, yateleke kwenye moto wa wastani, uwe ukikoroga yasishike chini. Yakianza kuumuka, yaepue. Subiri kidogo, kisha tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga polepole. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe upande huu, maji ya rangi ya kijani hafifu upande huu. Yakibaki meupe, ongeza ndimu kidogo, usimwage yote kwa pamoja, maana jibini itakuwa kali na ngumu. Acha yatulie dakika 10. Mimina kwenye kitambaa juu ya sufuria nyingine, na yale maji yaweke, nitayarudia. Sasa suuza mabonge kwa maji baridi yaliyochemshwa ili ukali wa ndimu upungue, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, funga kitambaa, kikamue, ukiweke juu ya sahani na kukikandamiza kwa jiwe safi kwa muda wa saa moja. Hutapungukiwa na gramu 300 hivi, na maziwa yakiwa mazito utapata zaidi.

Kuchemsha huku si kwa ajili ya kugandisha tu. Maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela, ule unaomfanya ng'ombe atupe mimba na kumtia mtu homa zisizokwisha, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Moto huua vijidudu hivyo. Lakini moto hauondoi dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano au kutiwa dawa ya kiwele, maziwa yake yasitumiwe mpaka zipite siku alizozitaja mtaalamu wa mifugo, hata ukiyachemsha mara tatu.

Haya, jibini iko chini ya jiwe. Tuje kwenye nyama, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwani hapa ndipo watu huumia.

Nami nina la kukiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua nyama ya kusaga mjini saa 4 asubuhi, nikaitia kwenye mfuko, nikaingia mkutanoni, kisha nikapanda basi. Nilifika nyumbani saa 12 jioni. Nyama haikuwa inanuka. Tukaikaanga haraka haraka kwa sababu ya njaa, mabonge mengine yakabaki mekundu katikati. Usiku ule hatukulala, ilikuwa ni chooni na kurudi, na alfajiri mtoto wetu mdogo alibebwa kupelekwa zahanati akatundikiwa maji. Alipona. Kosa halikuwa la mwenye bucha, lilikuwa langu mimi, bwana shamba mzima niliyefundishwa mambo haya darasani.

Sababu yake ni hii. Kipande kizima cha nyama kina vijidudu vingi juu, upande wa nje, uliopata visu, mikono na inzi. Kikichomwa, moto hufika nje kwanza na kuviua. Nyama ikisagwa, kile kilichokuwa nje huchanganywa na cha ndani, na kila punje ya nyama inapata sehemu yake. Kwa hiyo nyama ya kusaga huharibika upesi kuliko kipande, tena huwezi kuiacha nyekundu katikati ukasema utamu umo humo. Tangu kusagwa hadi kuwekwa motoni zisipite saa 2. Penye joto kali kama Kyela au Kilosa, hesabu saa moja tu.

Liko na jambo la pili. Nyama yenye viluwiluwi vya tegu huonyesha vilengelenge vidogo vyeupe ukiikata. Ikishasagwa huvioni tena. Basi usinunue nyama iliyokwisha kusagwa. Chagua kipande chenye mhuri wa mkaguzi, kitazame pande zote, ndipo kisagwe mbele ya macho yako, na mashine yenyewe uione kwamba imeoshwa. Kama hakuna mashine, kikatekate nyumbani kwa kisu kikali juu ya ubao safi mpaka kiwe laini. Kwa familia nusu kilo haichoshi. Ukilazimika kununua mapema siku hiyo, chukua kipande kizima, kitundike penye kivuli na upepo, kifunike inzi wasikifikie, ukikate wakati wa kupika. Na nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe usiiguse kabisa. Huenda ni kimeta, na mbegu za kimeta huvumilia hata kuchemshwa.

Kwa watu 6 au 7 chukua nyama nusu kilo, vitunguu maji 2, nyanya 3, karoti moja iliyokwaruzwa, punje chache za kitunguu saumu, tangawizi kidogo na chumvi. Mimi huongeza kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa na kupondwa. Wapo wanaosema huko ni kuipunja nyama. Siafiki. Maharage hujenga mwili kama nyama, hushika nyama isimwagike kwenye mkate, na nusu kilo inalisha watu ambao bila hayo wangetaka kilo nzima.

Pasha kikaango kikavu, usitie mafuta, nyama ina mafuta yake. Tia nyama, ivunjevunje kwa mwiko pasibaki bonge. Kwanza itatoa maji, usishtuke, endelea kugeuza mpaka maji yakauke na nyama ianze kuwa ya kahawia na kuchirizika mafuta. Hiyo ni kama robo saa. Hapo tia vitunguu, saumu na tangawizi, vikilainika tia karoti na nyanya, mwisho maharage na chumvi. Pika mpaka mchuzi ukauke kabisa. Mkate haupendi mchuzi. Ukiwa na majimaji, utakatika mikononi na watoto watakula kwa vijiko. Onja na utazame, pasiwe na wekundu popote.

Sasa ifungue jibini. Jambo moja ujue: jibini ya ndimu haiyeyuki kama ile ya kiwandani. Mtu akiitarajia ivutike kama uzi, atadhani amekosea. Kwa hiyo nusu yake ivunjevunje uichanganye ndani ya nyama ikiwa ya moto, ili ishike, na nusu ikate vipande vyembamba. Chukua mkate mmoja mkubwa, ukate vipande 16. Panga nyama kwenye kipande kimoja, juu yake jibini, funika kwa kipande kingine. Paka samli au siagi kidogo upande wa nje, weka kwenye kikaango juu ya moto mdogo, kandamiza kwa sahani, dakika 3 hivi kila upande, mpaka mkate uwe na rangi ya dhahabu. Moto mkubwa utaunguza mkate na katikati pakabaki baridi. Ukipata boflo, lile la pwani, ni bora zaidi. Lipasue kati, toa nyama yake ya ndani kidogo, ujaze. Chapati nazo zafaa, ila zikunje.

Najua wako akina baba watakaosema mkate si chakula cha usiku, eti bila ugali hawajala. Mzee mmoja huku kwetu alikula mikate mitatu, kisha akauliza ugali uko wapi. Mpe na bakuli la mchicha au kabichi pembeni, nadhani atanyamaza. Mboga hizo hata hivyo ni za lazima kwa watoto, maana nyama, jibini na mkate pekee havitoshi.

Nyama iliyobaki usiiache mezani mpaka asubuhi. Ni heri upike kidogo ikaisha. Jibini iliyobaki, kama huna friji, funga kwenye kitambaa safi chenye unyevu, iweke penye ubaridi, na iliwe kesho yake, isilale siku mbili.

Tumalizie na yale maji ya kijani. Msiyamwage. Kandia unga wa chapati, utaona zinavyolainika. Yanayobaki mpe nguruwe, au ndama aliyekwisha kuachishwa maziwa, lakini kidogo kidogo kwanza, kwa sababu yana ukali wa ndimu na ndama asiyeyazoea huharisha. Maji yale ya kusuuzia mabonge mwagia migomba.